Ndege Iliyofundishwa Shikamoo

Ilikuwepo nchi, na usiniulize iko wapi, maana anayejua nchi zilipo ni mwalimu wa jiografia, mimi nasimulia tu na nina watoto wa kulea. Nchi hiyo siku moja ilinunua ndege nne kwa mpigo. Zilipokelewa uwanjani kwa ngoma, kwaya, sala za madhehebu yote na ng'ombe wanane waliochinjwa. Kila moja ikazinduliwa mara tatu: mara ya kwanza ilipofika, mara ya pili mgeni rasmi alipopata nafasi ya kufika na yeye, na mara ya tatu kwa ajili ya wapiga picha, ambao ile mara ya pili walikuwa kwenye foleni ya pilau.

Zilikuwa ndege zenye akili. Ukishaziambia pa kwenda na kimo cha kuruka, zilipanda zenyewe, zikakata kona zenyewe, zikashuka zenyewe. Rubani alibakiwa na kazi moja tu, kuziangalia. Sasa kuangalia ni kazi, tena ngumu, muulize mama aliyewahi kuacha maziwa jikoni. Lakini katika nchi ile mtu aliyekaa akiangalia kitu alihesabiwa kuwa hana shughuli, isipokuwa kama ana cheo.

Siwema Kihampa hakuwa na cheo. Alikuwa rubani msaidizi, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, si msemaji, na aliipenda kazi ya kuangalia kama wengine wanavyopenda kula. Akikaa kwenye kiti chake cha kulia macho yake hayakutulia: kimo, mwendo, mlima, mafuta, kisha kimo tena.

Mkubwa wake angani alikuwa Kapteni Bartholomayo Ng'wandu. Huyu zamani alikuwa rubani kwelikweli. Aliwahi kutua na injini moja kwenye shamba la vitunguu, abiria wakashuka na mayai yao mazima kwenye vikapu. Ila hiyo ilikuwa zamani. Sasa alibakiza miaka miwili astaafu, na mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu, ndugu yangu, ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye.

*

Balaa lilianza siku Waziri wa Anga na Mawingu, Mheshimiwa Profesa Dokta Injinia Pembela Magoda, alipopenda kusafiri ndani ya chumba cha marubani. Uprofesa alipewa na chuo ambacho kilikuwa bado ni msingi na nguzo sita. Uinjinia aliupata alipokata utepe wa daraja. Siku hiyo walikuwa wanakwenda Lugome, mji ulioko katikati ya milima. Wingu lilikuwa zito, ndege ikasogelea kilima kimoja kuliko ilivyofaa, na ile mashine ya kutoa tahadhari ikapaza sauti:

"Mlima! Vuta! Vuta!"

Siwema akauvuta usukani. Ndege ikapanda, kilima kikapita chini, mambo yakaisha. Kwa marubani wawili wale ilikuwa kazi ya kila siku. Lakini Mheshimiwa alikuwa amekunja uso mpaka miwani ikapanda.

"Nani huyo aliyepiga kelele?" akauliza.

"Ni mashine, Mheshimiwa," alisema Kapteni. "Inatutahadharisha."

"Inamwambia nani vuta?"

"Sisi marubani, Mheshimiwa."

"Na mimi nikiwa nimekaa hapa?"

Mheshimiwa akageuka, akaitazama ile spika ndogo ukutani kama mtu aliyetukanwa na mtoto wa jirani. "Mtu mzima anafokewa vuta, vuta, kama punda wa mkokoteni! Hakuna hodi, hakuna hujambo, hakuna samahani. Hata mbwa hubweka kwanza ndipo akaja kuuma. Nchi hii ina mila zake, bwana. Hatuwezi kununua kitu kwa kodi za wananchi halafu kije kutudharau."

Siwema alidhani anatania. Akataka kucheka, akamwangalia Kapteni, akaona Kapteni anatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Akageukia vipimo vyake.

*

Wiki ile ile kikaundwa Kitengo cha Adabu za Mitambo. Mkuu wake akawa Daktari Hiza Mlekwa, msomi aliyeandika kurasa mia nne kuhusu mpangilio wa viti vya meza kuu. Kitengo kikakaa hotelini kandokando ya ziwa kwa miezi saba, kikajadili jinsi mashine inavyopaswa kuzungumza na wakubwa. Fundi wa kiwanda kilichotengeneza ndege alikuja kutoka ng'ambo. Akaeleza kwa upole kwamba tahadhari ile ni fupi kwa sababu muda wenyewe ni mfupi.

"Muda wa nani?" aliuliza Daktari Hiza.

Fundi hakulielewa swali. Akapewa kinyago cha tembo, akapigwa picha, akasindikizwa uwanjani.

Matunda ya miezi saba yakawa haya. Tangu sasa ndege ikiona hatari ingesema: "Shikamoo, Mheshimiwa Rubani." Halafu ingesubiri kuitikiwa marahaba. Isipoitikiwa ingeanza upya. Ikishaitikiwa ingeendelea: "Awali ya yote nimshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai na kutukutanisha siku ya leo. Kwa heshima na taadhima, naomba kutambua uwepo wa wafuatao." Hapo yangefuata majina ya wakubwa wote waliomo ndani ya ndege, na vyeo vyao na shahada zao, kama Kitengo kilivyoyaingiza kabla ya safari. Mwisho: "Waheshimiwa wote, itifaki imezingatiwa. Kwa ruhusa yenu, sasa naomba niingie kwenye mada." Ndipo ingeingia kwenye mada.

Siwema aliisikia kwa mara ya kwanza ndege ikiwa imeegeshwa karakanani. Alichukua saa yake ya mkononi, akapima. Bila mkubwa hata mmoja, hotuba ilikula sekunde arobaini na tatu. Kila mkubwa aliongeza sekunde tano mpaka tisa. Mheshimiwa Magoda peke yake alikula kumi na moja, kwa zile shahada. Na katika milima ya Lugome, kutoka mashine ilipoona mwamba mpaka mwamba wenyewe, rubani alikuwa na sekunde ishirini, akibahatika.

Akarudi nyumbani, akaandika barua. Aliweka hesabu zote mle ndani, na mwisho akaandika wazi: tutakufa na watu wetu. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Lilisema barua yake haikuanza na maneno "husika na kichwa cha habari hapo juu", kwa hiyo kisheria haijapokelewa.

"Kapteni, wewe zungumza nao," alimwambia Ng'wandu. "Wewe watakusikiliza."

"Siwema mwanangu, nimebakiza mwaka na miezi tu," alisema Kapteni. "Usinichomee utambi. Kwani wewe macho huna? Ukiona mlima, vuta. Usingoje mashine."

Na kweli, hilo lilikuwa jambo la maana, na Siwema akajipa moyo nalo. Lakini haukupita mwezi, waraka mwingine ukashuka. Ulisema: kwa kuwa ndege zinajiendesha zenyewe, na kwa kuwa marubani wanaonekana wamekaa tu, basi wakiwa angani watumie nafasi hiyo kupokea wageni. Katika kila chumba cha marubani kitawekwa kitabu cha wageni.

Kitabu chenyewe kilikuwa na jalada gumu jekundu na ukubwa wa mlango wa kabati. Pahali pekee kilipoweza kulala ni katikati ya viti viwili, juu ya vitufe.

*

Safari ya kwenda kuzindua choo cha shule ya msingi Lugome, matundu manne, ilibeba abiria sitini na wanane wa kawaida na msafara wa wakubwa kumi na wawili. Dakika ishirini baada ya kuruka mlango wa chumba cha marubani ulifunguliwa bila hodi. Aliingia Mheshimiwa Magoda, nyuma yake Daktari Hiza, nyuma yake wengine kadhaa walioishia mlangoni kwa kukosa nafasi. Mheshimiwa alikuwa na paja la kuku mkononi. Sijui kwa nini wakubwa wa nchi ile walikuwa hawawezi kupanda ndege bila kula kuku, lakini ndivyo ilivyokuwa. Harufu ya mafuta ikajaa mle ndani.

"Hongereni kwa kazi," alisema Mheshimiwa huku akitafuna. "Naona mnapumzika."

"Tunapumzika, Mheshimiwa," alisema Kapteni. Akageuka mzima mzima kwenye kiti chake, mgongo akaupa anga.

Kikafunguliwa kitabu. Mheshimiwa akajifuta vidole kwenye mgongo wa kiti cha Siwema, akashika kalamu. Kitabu hakikulala vizuri. Chini yake kulikuwa na kirungu kidogo kilichochomoza, kirungu cha kuiambia ndege iruke kimo gani. Mheshimiwa akakisukuma kwa kitabu, hakikulala. Basi akaingiza mkono chini, akakizungusha mara tatu nne, akakibonyeza kama mtu anayezima redio, na kitabu kikatulia.

Hakuna aliyeona. Siwema angeona, maana kuona ndiyo kazi yake, lakini wakati huo huo Daktari Hiza alikuwa amemshikisha simu.

"Binti, hebu tupige picha. Hakikisha kalamu inaonekana."

Nani angekataa? Akaishika ile simu, akajipinda kwenye kiti. Mheshimiwa akaandika neno la kwanza, akasimama, akatabasamu, akapigwa picha. Akaandika la pili. Alikuwa anaandika maoni marefu kuhusu usafi wa chumba. Ndege nayo, ambayo ilifundishwa utii kuliko sisi sote, ilikuwa imepewa kimo kipya na ilikuwa inakifuata polepole ndani ya wingu, bila kumsumbua mtu.

Siwema aliuona mlima kwenye simu. Yaani si mlima wenyewe, alichoona ni tarakimu. Picha ya saba ilikuwa na sikio la Mheshimiwa, na nyuma ya sikio kulikuwa na kioo cha vipimo cha Kapteni, na kwenye kioo kimo kilisomeka futi elfu tisa na mia nne. Walitakiwa wawe elfu kumi na nne.

"Kapteni, tunashuka," alisema.

Kabla Kapteni hajageuka, spika ikafunguka kwa sauti laini ya kike, iliyochaguliwa na Kitengo baada ya kusikiliza sauti tisini.

"Shikamoo, Mheshimiwa Rubani."

"Marahaba!" waliitikia wote kwa pamoja, hata wale wa mlangoni.

"Awali ya yote nimshukuru Mwenyezi Mungu..."

Siwema akatupa simu, akapeleka mkono kwenye usukani. Kapteni akamshika kifundo cha mkono. Hakumshika kwa nguvu, alimshika kama mtu anayemzuia mtoto kanisani.

"Subiri kidogo," alinong'ona. "Mheshimiwa anatajwa."

Na kweli alikuwa anatajwa. Mheshimiwa Profesa Dokta Injinia alikuwa amesimama wima, amefumba macho, paja la kuku amelishusha ubavuni, anasikiliza shahada zake zikipita moja moja. Midomo yake iling'aa mafuta. Daktari Hiza alikuwa anatikisa kichwa kwa mdundo wa hotuba. Siwema aliwatazama wale watu, na ninakuapia, katika maisha yake hakuwahi kuchukia kitu kama alivyozichukia zile nyuso zilizotulia.

Akajichomoa. Kile kitabu akakipiga kikumbo kikaruka na kalamu yake, akazima mtambo wa kujiendesha, akasukuma injini mpaka mwisho, akavuta. Alivuta kwa mikono miwili na mgongo. Msafara ukaanguka kinyumenyume kama magunia, mmoja juu ya mwingine, na Mheshimiwa akakaa chini na kuku wake. Wingu likapasuka. Chini ya tumbo la ndege Siwema aliona majani, mawe, kisha mbuzi, na aliona rangi za wale mbuzi, wawili weusi na mmoja wa madoa. Halafu ikawa anga tupu.

Nyuma abiria walikuwa wanalia. Mle chumbani ile sauti laini ilikuwa haijamaliza.

"...na Katibu Tarafa. Waheshimiwa wote, itifaki imezingatiwa. Kwa ruhusa yenu, sasa naomba niingie kwenye mada. Mlima. Vuta. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

Wale waliokuwa sakafuni wakapiga makofi.

*

Siwema aliitwa mbele ya Kitengo kwa kosa la kukatiza hotuba.

"Niliuona mlima," alisema.

"Mlima upi?" aliuliza Daktari Hiza. "Ndege nzima. Watu wazima. Mlima hauna hata mchubuko, tumetuma mtu kwenda kuutazama. Ushahidi wa hatari uko wapi?"

"Ningengoja ushahidi tungekuwa maiti."

"Hapo ndipo tungekuelewa," alisema Daktari Hiza, na hakuwa anatania. "Kumbukumbu zinaonyesha ulivuta wakati mashine ikiwa bado kwenye utambulisho. Yaani tahadhari ilikuwa haijatolewa. Ulimwangusha Waziri bila kutahadharishwa na yeyote."

Mbele yake ikawekwa karatasi. Iliandikwa hivi: Mimi, Siwema Kihampa, nikiwa na akili zangu timamu, nathibitisha kwamba siku hiyo nilipatwa na kizunguzungu cha ghafla, na kwamba hapakuwa na mlima. Akisaini, leseni yake inabaki. Asiposaini, leseni inakatwa pale pale, na mkasi ulikuwa mezani.

Aliomba dakika tano, akatoka ukumbini. Kapteni Ng'wandu alikuwa amekaa kwenye benchi la kungojea, kofia magotini. Alikuwa ameshatoa ushahidi wake. Alisema hakuona kitu, na kwa kweli hakuona, maana alikuwa ameupa mlima mgongo.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," alisema. "Saini."

"Nisaini kwamba hakuna mlima? Mlima wa Lugome, Kapteni? Watoto wa shule wanauchora!"

"Saini. Hao hawatabadilisha hotuba, uwe umesaini au hujasaini. Lakini ukisaini utakuwemo ndani ya ndege. Mimi mikono yangu imekwisha, imezoea kushika sahani. Ukiwa nje, nani atavuta?"

Siwema alikaa kwenye benchi kando yake. Aliona aibu kwa niaba ya yule mzee, kisha akaona kwamba maneno yake, pamoja na uoga wake wote, yana ukweli. Heri uongo mmoja kwenye karatasi, na yeye awe pale kwenye kiti cha kulia, kuliko ukweli wake mkononi na yeye yuko barabarani. Ndivyo alivyojiambia. Akarudi ndani, akasaini. Daktari Hiza akampa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa na jasho.

Jumatatu yake akapata barua. Ilianza na husika na kichwa cha habari hapo juu. Ilimpongeza kwa uungwana wake, ikamrudishia leseni, na ikampandisha cheo kuwa Mwandishi wa Kumbukumbu katika Kitengo cha Adabu za Mitambo, ghorofa ya nne, mwenye meza na feni. Kiti chake cha kulia kilipewa Afisa Itifaki Daraja la Pili, kijana wa kwao Daktari Hiza, ambaye hakujua kurusha ndege lakini alijua kupiga makofi. Ndege si inajiendesha?

*

Miezi minne baadaye ilikuwapo safari nyingine ya Lugome. Choo kilikuwa kimepata mlango, na mlango ulihitaji kuzinduliwa. Mheshimiwa Magoda alikuwa na udhuru, akatuma mwakilishi, mwakilishi naye akatuma mwakilishi, na orodha ya utambulisho ikawataja wote watatu. Wingu lilikuwa zito. Kapteni Ng'wandu alikuwa kiti cha kushoto, na abiria wa kawaida walikuwa sitini na wanane tena, ndege imejaa.

Hakupona mtu.

Kisanduku cha ndege cha kurekodi sauti kilipookotwa mlimani, Kitengo kilikaa kukisikiliza, Mheshimiwa Magoda mwenyewe akiwa mwenyekiti, amevaa suti nyeusi mpya. Siwema alikuwa mwisho wa meza na daftari lake. Waliisikia sauti laini ikiamkia. Walimsikia Kapteni akiitikia marahaba, harakaharaka. Hotuba ikaendelea. Walimsikia akisema, "Fupisha basi, fupisha, mama," kama vile mashine ina masikio. Ikaendelea kutaja. Kukasikika kishindo cha kitu kizito kinachoanguka, huenda kile kitabu. Halafu, juu ya shahada ya pili ya Mheshimiwa Magoda, Kapteni akapiga ukelele:

"Siwema, vuta!"

Kisha ikawa kimya.

Mheshimiwa alikohoa. "Huyo Siwema ni nani?"

"Ni mimi," alisema Siwema. Sauti yake hakuitambua.

"Ulikuwemo?"

"Sikuwemo."

"Basi andika," alisema Mheshimiwa, "kwamba rubani aliita jina la mtu asiyekuwemo kwenye orodha."

"Andika vile vile," aliongeza Daktari Hiza, "kwamba suala la mlima lilishafungwa. Kuna maandishi ya mtaalamu kwamba hakuna." Akaitoa ile karatasi kwenye jalada, akaipitisha mezani kila mtu aone saini. Ilipofika kwa Siwema aliitazama ile saini nzuri, iliyonyooka, isiyotetemeka, akaweka mkono mdomoni akakimbilia msalani. Alitapika mpaka akabaki anatoa maji ya njano. Alijichukia. Aliwachukia wao, lakini wao alishawazoea, na yule wa kwenye kioo cha msalani alikuwa mgeni.

Aliporudi kikao kilikuwa kimefikia azimio. Kwa kumuenzi marehemu Kapteni, ndege zote tatu zilizobaki, zikiona hatari, kabla ya shikamoo zitakaa kimya dakika moja. Wajumbe walikuwa wameshasimama wanafanya majaribio ya ukimya huo, vichwa vimeinama, mikono mbele. Mheshimiwa alikuwa ameinamisha cha kwake kuliko wote.

Siwema alifunga daftari. Aliliacha pale mezani, akashuka ghorofa nne kwa ngazi.

*

Alikwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Walinzi walimjua, wakampisha. Ndege ya mchana ya Lugome ilikuwa imesimama kwenye lami, ngazi iko chini, abiria wamejipanga na mizigo yao: wazee wenye fimbo, akina mama na watoto mgongoni, mwalimu na boksi la chaki, bibi mmoja amebeba jogoo kwenye kikapu. Siwema akapita pembeni ya foleni mbio, akapanda ngazi ya kwanza, akageuka akawakabili. Alikuwa anahema.

"Msipande!" alipiga kelele. "Kuna mlima! Hii ndege haitawaambia. Rubani hatajua. Ile ya juzi haikuwaambia wenzenu, wamekufa wote, na mimi nilijua. Rudini nyumbani!"

Foleni ikasimama. Watu wakamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. Mzee aliyekuwa mbele kabisa, mwenye kanzu safi na tasbihi mkononi, akatikisa kichwa taratibu.

"Binti," alisema, "hata salamu?"

"Mzee, nawaambia mtakufa!"

"Nimekusikia. Lakini watu wazima wote hawa, unatuvamia na makelele. Kwenu hawakukufunza?"

"Watoto wa siku hizi," alisema bibi mwenye jogoo, naye akageuza uso.

"Mwambieni asogee, tunachelewa," alisema mtu wa nyuma. Mwalimu mwenye chaki akacheka kidogo, kwa kumwonea aibu. Foleni ikaanza kujongea tena. Mguu wa mzee ukakanyaga ngazi, bega lake likamgusa Siwema ili ampishe.

Siwema akamshika mzee mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka na kamasi zinamtoka, na hakuwa na nafasi ya kuzifuta.

"Shikamoo, baba," alisema.

Uso wa mzee ukafunguka. Akasimama. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba."

"Wazima nyumbani?"

"Wazima, baba. Naomba..."

"Na hawa wengine?" alisema mzee kwa upole, akimwonyesha foleni kwa fimbo. "Utanisalimia mimi peke yangu?"

Basi akaanza. Shikamoo, mama. Marahaba. Shikamoo, bibi. Shikamoo, mwalimu. Alikuwa amefika mtu wa sita, na kila aliyekwisha kusalimiwa alikuwa anapita pembeni yake kupanda ngazi, wakati injini ya kushoto ilipoanza kuzunguka.